Dondoo muhimu: Kisu cha kumpa mwanajeshi wa nyumbani

Kwanza muulize mwenyewe. Kurutu anayefunzwa Eldoret hahitaji kisu kutoka nyumbani. Mpe akishahitimu na kujua kikosi chake kinaruhusu nini.

Usivutwe na meno ya msumeno mgongoni wala dira kwenye mpini. Kazi yake ni kukata kamba, kufungua vifurushi na kuchonga vijiti. Bapa la sentimita 10 hadi 12 linatosha.

Mafundi wa jua kali, Kitale na Bungoma, hufua visu kwa springi za magari makuukuu. Hicho ni chuma kizuri, nami ningekichagua kabla ya kisu cha dukani kinachong'aa bila jina la mtengenezaji. Lakini kikague. Chuma kipite mpini mzima na kikazwe kwa ripiti, kisichezecheze. Pitisha tupa taratibu kwenye makali: ikiteleza au ikikwaruza kwa shida, chuma kimeiva; ikila kirahisi, mrudishie. Muulize pia alikizima kwa mafuta au kwa maji. Maji huweza kukitia nyufa, kwa hiyo kitazame dhidi ya mwanga kabla ya kulipa.

Chuma hiki hushika kutu upesi, hasa Lamu au Kismayu kwenye hewa ya chumvi. Ongeza kinoo kidogo na kichupa cha mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda. Asikihifadhi kwa miezi ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hunyonya unyevu.

Akisafiri kwa ndege ya abiria, kisu kiende na mizigo inayokabidhiwa, kamwe kisiwe mkobani.