SHABA KATIKA MAJI YA KUNYWA
Kusoma: Hesabu 21:4-9, 2 Wafalme 18:4



Akina mama wametuuliza: je, ni kweli kwamba kipande cha shaba kikiwekwa ndani ya dumu, hakuna haja ya kuchemsha maji wala kutia klorini? Wengine wameuza maharage ya mgao wanunue vidonge vya shaba. Tumeona tusinyamaze.

Sisi wa Katanga, mkoa ulioitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, tunaijua shaba. Mwili huihitaji kwa kutengeneza damu, ila kidogo sana: mtu mzima karibu miligramu 0.9 kwa siku. Nayo imo katika maharage, karanga, uyoga na maini. Basi mama aliyeuza maharage ameuza shaba ili anunue shaba!

Kwa maji, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 kwa lita. Ikizidi sana, mtu hupata kichefuchefu, hutapika, huumwa tumbo na kuharisha. Vitu vichachu, kama maji ya limau au maziwa ya mgando, visikae kabisa katika chombo cha shaba, maana uchachu huila shaba na kuiingiza katika kinywaji.

Ni kweli shaba huua vijidudu kadhaa, lakini huchukua saa nyingi, na waya wa kuokota hauna kipimo. Kipindupindu hakisubiri.

Waisraeli walioumwa na nyoka waliitazama nyoka ya shaba wakapona, kwa kuwa Mungu alisema. Baadaye watu wakaifukizia uvumba. Mfalme Hezekia akaivunja, akaiita Nehushtani, kipande cha shaba tu.

Vidonge je? Wataalamu wa Marekani waliweka mwaka 2001 kikomo cha miligramu 10 kwa siku kwa mtu mzima, lakini 1 tu kwa mtoto wa miaka 1 hadi 3. Msigawane kidonge cha baba na mtoto. Wapo pia wachache waliozaliwa na ugonjwa wa Wilson: shaba hujikusanya katika ini na ubongo wao. Hao wasiguse vidonge hivyo.

(Zinki ya watoto wanaoharisha ni dawa nyingine. Mpeni mtoto siku zote alizoandikiwa.)

Mwenye waya ndani ya dumu autoe leo, ayamwage maji hayo, aoshe dumu, kisha achote mapya na kuyatia klorini.