Ahadi hewa kuhusu tabianchi zisikuharibie afya

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia magonjwa yenye majina: malaria, homa ya matumbo, kisukari, shinikizo la damu. Leo tutaangalia jambo ambalo halipimwi kwa damu wala kwa mkojo, lakini linawafanya watu wengi waugue, na wengine waache kujikinga na magonjwa wanayoyajua vyema. Jambo lenyewe ni uchovu wa moyo unaotokana na kuwasikia viongozi, wa hapa kwetu na wa ng'ambo, wakiahidi mwaka baada ya mwaka kwamba watakabiliana na mabadiliko ya tabianchi, ilhali mafuriko yanaendelea kuua na ukame unaendelea kumaliza mifugo.

Uchovu huu una maneno yake. "Hao ni wale wale." "Hayo tumeyasikia tangu zamani." "Hata nikifanya nini, hakuna kitakachobadilika." Kama umewahi kuyasema maneno hayo, au unaishi na mtu anayeyasema kila siku, makala haya ni yako.

Je, una sababu ya kukasirika?

Ndiyo, unayo. Daktari hawezi kumwambia mwenye kidonda kwamba hana kidonda, kwa hivyo tuanze kwa kukitazama.

Mataifa yalikubaliana mkataba wa kwanza kuhusu tabianchi mwaka wa 1992, na ukafunguliwa kutiwa sahihi Rio de Janeiro, Brazil. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ni mzazi. Mwaka wa 2009, mjini Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kwamba kufikia 2020 zingekuwa zikitoa dola bilioni 100 kila mwaka kuzisaidia nchi maskini. Kwa hesabu ya shirika la nchi hizo zenyewe, OECD, kiasi hicho kilifikiwa mwaka wa 2022, yaani miaka miwili baadaye. Marekani ilijiunga na Mkataba wa Paris wa 2015, ikajitoa 2020, ikarudi 2021, na Januari 2025 ikatangaza tena kwamba inajitoa. Nairobi yenyewe imeandaa mikutano mikubwa ya tabianchi, mwaka wa 2006 na tena Septemba 2023.

Wakati hayo yakiendelea, maeneo kame ya nchi yetu yalikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020. Zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa. Kisha mwaka wa 2024, kati ya Machi na Mei, mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Huko Mai Mahiu, usiku wa kuamkia Aprili 29, maji yaliwasomba makumi ya watu, wengi wao wakiwa wamelala. Moshi unaochafua anga ya dunia, mchango wa Kenya ndani yake haufiki hata asilimia 1.

Kwa hivyo hasira yako si ugonjwa. Mtu anayeyaona hayo bila kuguswa ndiye wa kutiliwa shaka.

Wala hauko peke yako. Mwaka wa 2021, jarida la kitabibu la Lancet Planetary Health lilichapisha uchunguzi uliofanyiwa vijana 10,000 wa umri wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10, Nigeria ikiwa mojawapo. Asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa kupindukia kuhusu tabianchi. Zaidi ya asilimia 45 walisema hisia hizo zinavuruga maisha yao ya kila siku. Watafiti waligundua pia kwamba dhiki hiyo ilihusiana na kuona kwamba serikali hazichukui hatua za kutosha. Kwa maneno mengine, jua si adha peke yake. Kuna pia uchungu wa kuhisi umesalitiwa.

Hasira inavyofanya kazi mwilini

Unapokasirika, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga kwa kasi, damu hukimbilia kwenye misuli, sukari hupanda. Mungu ametuumba hivyo ili tuweze kukimbia au kupigana. Hatari ikipita, mwili hutulia.

Shida huja pale hatari isipopita na mtu asipoona njia ya kukimbia wala ya kupigana. Homoni hizo zikikaa juu kwa miezi mingi, usingizi hupotea, kichwa huuma, tumbo huvurugika, shinikizo la damu hupanda na kinga ya mwili hudhoofika. Mwenye kisukari au pumu huona maradhi yake yakimsumbua kuliko kawaida.

Mwishowe mwili huchoka kukasirika, na mtu huanza kubeza kila kitu. Wengi hudhani mtu wa namna hii amekuwa mwerevu, kwamba sasa hadanganyiki. Kitabibu, mara nyingi ni mtu aliyechoka.

Mbwa waliokataa kuruka

Mwaka wa 1967, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, akiwemo Martin Seligman na Steven Maier, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo bado hufundishwa hadi leo. Mbwa walipigwa na umeme ambao hawakuwa na njia ya kuukomesha. Baadaye waliwekwa ndani ya sanduku lenye kizuizi kifupi katikati. Ili kuukwepa umeme, mbwa alihitaji kuruka tu upande wa pili. Mbwa ambao hawakuwa wamepitia mateso ya kwanza waliruka upesi. Wengi wa wale walioteswa walilala chini wakavumilia, ingawa sasa njia ilikuwapo.

Watafiti walijaribu kuwarudisha katika hali ya kawaida. Kilichofaa ni kuwafunga kamba na kuwavuta hadi upande wa pili, tena na tena, mpaka miguu yao ilipojua kwamba kuruka kunasaidia. Baada ya hapo waliruka wenyewe.

Mwaka wa 2016, Maier na Seligman waliandika upya maelezo yao kwa kutumia elimu mpya ya ubongo. Walisema kwamba kulala chini baada ya mateso marefu si jambo linalofunzwa. Ndiyo hali ya asili ya ubongo. Kinachofunzwa ni kutambua kwamba una uwezo wa kubadilisha kitu. Funzo hilo hutokana na vitendo vilivyofaulu, hata vikiwa vidogo.

Msomaji, shika hapo, kwa maana tiba yote ya leo imejengwa juu ya jambo hilo.

Hatari ya kubeza kila kitu

Chukua mfano wa mama anayeishi kando ya mto katika mtaa wa Mathare. Alipoteza vyombo na godoro katika mafuriko ya 2024. Aliahidiwa msaada, akangoja, akachoka. Sasa redio ikitangaza mvua kubwa, anaizima. Muhudumu wa afya ya jamii akija na dawa ya kutibu maji, anasema, "Ya nini? Mtaro wenyewe haujazibuliwa." Mkutano wa kujadili bajeti ukiitishwa, haendi.

Kila neno analosema lina ukweli ndani yake. Lakini kipindupindu hakimuulizi mtu kama ana haki ya kukasirika. Mbu anayeleta malaria hajui ni nani aliyevunja ahadi. Kubeza kwake hakumuumizi mwanasiasa hata kidogo. Kunamuumiza yeye na watoto wake. Tena kunampa nafuu yule yule aliyemkosea, kwa sababu kiti chake katika mkutano kiko wazi na hakuna anayeuliza swali.

Dalili za kuangalia

Jichunguze, au mchunguze mwenzako, kwa dalili hizi: kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukasirishwa na mambo madogo nyumbani, kusoma habari mbaya kwenye simu hadi usiku wa manane, kuacha kazi za shamba au mikutano uliyokuwa ukiipenda, kunywa pombe au kutafuna miraa zaidi ya zamani, na kuwaambia watoto kwamba hawana maisha ya mbeleni.

Ikiwa huzuni, au kutofurahia chochote, kumeendelea karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi, pamoja na kukosa hamu ya chakula, uchovu au kujiona huna thamani, huenda hiyo si hasira tena. Ni sonona, na sonona hutibika. Muone daktari katika hospitali iliyo karibu nawe. Mtu mwenye fikira za kujiua asiachwe peke yake; apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Shirika la Msalaba Mwekundu nchini pia hutoa ushauri kwa simu bila malipo kupitia nambari 1199.

Tiba

Kwanza, pima habari kama unavyopima chumvi. Sikiliza taarifa mara moja au mbili kwa siku, si saa moja kabla ya kulala. Lakini utabiri wa mvua usiukose kamwe. Huo si siasa, ni kinga.

Pili, linda nyumba yako bila kungoja mtu. Chemsha maji au yatibu kwa klorini, lala ndani ya neti, ondoa maji yaliyotuama, weka vyeti na dawa za kila siku ndani ya mfuko usioingia maji, na mkubaliane mapema mtakimbilia wapi mto ukifurika. Wakati wa joto kali, wazee na watoto wanywe maji hata kabla ya kusikia kiu. Hata hivyo tuelewane: kuchemsha maji hakumuondolei mtu yeyote jukumu la kujenga mtaro. Unajikinga ili uwe na nguvu za kudai.

Tatu, chagua jambo moja, ofisi moja na tarehe moja. "Serikali ifanye kitu" ni kilio. "Mtaro wa mtaa wetu uwekwe katika bajeti ya mwaka ujao" ni dai. Kisheria, serikali ya kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kwa hivyo andikeni na kufika mikutanoni kabla ya tarehe hizo. Kaunti nyingi sasa zina hazina ya tabianchi na kamati za wadi za kupanga matumizi yake. Uliza ni nani anaketi katika kamati yenu na pesa zimefanya nini. Katiba ya 2010 iko upande wako: Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, cha 42 haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 70 ruhusa ya kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa.

Nne, mshike mwenzako mkono. Kumbuka mbwa wale hawakuponywa kwa hotuba. Jirani aliyekata tamaa usimhubirie. Mpitie nyumbani, mwende pamoja. Watu kumi wakienda na barua moja, hata wasipojibiwa mara ya kwanza, hurudi nyumbani wakiwa watu kumi wanaojuana. Hiyo peke yake ni dawa.

Je, kweli kuna lililowahi kufaulu?

Hili ndilo swali ambalo mtu aliyechoka huliuliza, na ana haki ya kujibiwa kwa mifano.

Kulikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe Lamu. Wakazi, wakiwemo wavuvi, walipinga, wakihofia moshi, bahari na afya zao. Mwezi Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Rufaa za Mazingira ilifuta leseni ya mtambo huo, ikisema miongoni mwa mengine kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Nchini Uswisi, zaidi ya wanawake wazee 2,000 waliishtaki serikali yao wakisema joto kali linahatarisha afya zao kuliko za watu wengine. Mwezi Aprili 2024, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba chama chao kilikuwa na haki.

Na mwaka wa 2019, wanafunzi 27 wa sheria katika visiwa vya Pasifiki walianza kuzisihi serikali zao zipeleke suala la tabianchi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Serikali ya Vanuatu ilikubali kulibeba. Julai 23, 2025, mahakama hiyo ilitoa maoni yake kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi.

Hukumu hazijazi mabwawa wala hazifufui ng'ombe, na zote bado zinahitaji watu wa kusukuma ili zitekelezwe. Lakini zinatosha kuonyesha kwamba sentensi ile ya "hakuna kitakachobadilika" si ya kweli.

Basi msomaji, baki na hasira yako, maana una haki nayo. Ipe kazi ya kufanya wakati wa mchana, kisha usiku uilaze ili nawe upate kulala. Wiki hii tafuta jambo moja tu: siku ambayo mkutano ujao wa bajeti utafanyika katika wadi yenu. Iandike kwenye kalenda iliyo ukutani, kisha mwambie jirani mmoja kwamba siku hiyo utampitia.