Kichaka cha Cheri Kinachohimili Baridi ya Kanada

Mtu aliyehamia Saskatoon, Edmonton au Winnipeg akitaka mti wa matunda uani, macho yake huuendea mcheri mtamu, ule wenye matunda yauzwayo dukani. Asiununue. Baridi ya huko huweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, na mti huo hufa kabla ya kuzaa. Unaofaa ni mcheri mfupi wa matunda machachu, unaokua kama kichaka.

Kazi ya kuupata ilianza miaka ya 1940, pale mtaalamu wa mimea Les Kerr alipozalisha mseto wa mcheri mchachu wa Ulaya na mcheri mfupi wa nyika za Siberia. Chuo Kikuu cha Saskatchewan kiliiendeleza, na mwaka 1999 kikatoa aina iitwayo Carmine Jewel. Baadaye zikafuata Romeo, Juliet, Cupid, Valentine na Crimson Passion.

Anayeanza ningemshauri apande Carmine Jewel. Hufikia mita 2 hivi, hukomaa mapema, kokwa yake ni ndogo, tena hujichavusha, hivyo mche mmoja unatosha. Mwenye kupenda utamu atafute Juliet. Crimson Passion ina sukari nyingi zaidi, lakini mmea wake si hodari kama ndugu zake. Mcheri wa Nanking nao hustahimili baridi, ila unahitaji mwenzake wa kuchavushana, na kwa kuwa huchanua mapema mno, jalidi ya usiku mmoja inaweza kuua maua yote.

Kitaluni, uliza swali moja kabla ya bei: mche huu umekua kwa mizizi yake wenyewe, au umebebeshwa? Mwaka wa baridi kali, matawi yaliyo juu ya theluji yanaweza kukauka, huku shina lililofunikwa likibaki hai. Mche wa mizizi yake utachipua tena ukiwa aina ileile uliyonunua. Uliobebeshwa ukifa hadi chini, kitakachochipua ni shina la chini, ambalo si cheri uliyoitaka. Mche wa mizizi yake una usumbufu wake: hutoa machipukizi pembeni kama mgomba. Yakate, au yang'oe na mizizi umpe jirani.

Panda penye jua la saa sita au zaidi, mahali pasipotuama maji theluji ikiyeyuka. Acha nafasi ya mita moja na nusu hadi mbili kati ya miche. Baada ya Julai usiweke mbolea ya naitrojeni, maana matawi mabichi yanayochipua mwishoni mwa kiangazi hayapati muda wa kukomaa, na baridi huyamaliza. Zungushia shina wavu wa chuma, kwani sungura hutafuna gome majira ya baridi.

Wenye watoto wawafundishe kutema kokwa bila kuzitafuna; ndani yake mna kemikali inayotoa sianidi. Majani nayo ni sumu kwa mbuzi, hasa yakinyauka.

Mavuno ya kwanza hutarajiwa mwaka wa tatu au zaidi. Hapo wengi huharakisha: Carmine Jewel hugeuka nyekundu mapema na kuonekana imeiva, kumbe bado ni kali. Funika kichaka kwa wavu ndege wasikutangulie, uyaache matunda mpaka yawe mekundu ya kukaribia weusi, ndipo uchume.