Nyimbo za Roki Mbele ya Darasa la Fasihi

Katika kurasa hizi umezoea kusoma juu ya ngeli, methali na mashairi ya arudhi. Leo nakuomba ukae nami tuchambue nyimbo ambazo hazikuimbwa kwa Kiswahili hata kidogo, yaani nyimbo za roki. Usinune. Sababu ninayo.

Muhula uliopita, tulipokuwa tukipanga burudani ya siku ya kufunga shule, nilileta orodha ya nyimbo nizipendazo. Nilizijua katika kibanda cha mjomba wangu anayetengeneza redio, ambako kanda kuukuu hazijatupwa. Wanachama walinivamia kama nyuki. Mmoja alisema hizo ni kelele za Wazungu tu. Mwingine, tena mwenye cheo chamani, alisoma jina la wimbo mmoja akapaaza sauti: "Si mnaona wenyewe? Huyu anasema amepoteza dini!" Mlezi wa chama akakata maneno. Niandike makala, nionyeshe kama nyimbo hizo zina fasihi ndani yake. Zikikosa, zibaki kwa mjomba. Makala yenyewe ndiyo haya.

Tuanze na huo ulioleta zogo. "Losing My Religion" ulitolewa mwaka 1991 na kundi la R.E.M. kutoka mji wa Athens, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Ukiutafsiri neno kwa neno, kweli utapata kupoteza dini. Lakini kule kusini mwa Marekani hiyo ni nahau! Mtu akisema hivyo ana maana kuwa uvumilivu umemwisha, yu karibu kulipuka. Hebu fikiria mgeni akitusikia tukisema kuwa mzee fulani amekula chumvi nyingi. Si atamkimbiza hospitali? Na akiambiwa kuwa jirani amevaa miwani, atajuaje kuwa jirani amelewa chakari? Wimbo wenyewe ni wa mapenzi. Nafsineni anampenda mtu na hajui kama naye anapendwa. Kila neno alilotamka linamrudia usiku, mara aone amesema mengi mno, mara aone hajasema ya kutosha. Nani katika kidato cha tatu hajui hali hiyo? Isitoshe, ala inayoongoza si gitaa la umeme bali mandolini, chombo cha nyuzi 8 zilizopangwa jozi jozi. Ukikisikia unakumbuka udi wa taarabu.

Sasa tuje kwa hayo madai ya "kelele za Wazungu". Waama, anayesema hivyo hajauliza roki ilizaliwa wapi. Miongoni mwa waasisi wake ni Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915, aliyekuwa akiimba nyimbo za injili huku akilicharaza gitaa la umeme. Wimbo wake "Strange Things Happening Every Day" aliurekodi mwaka 1944, wakati Elvis Presley alikuwa mtoto wa miaka tisa. Baadaye akaja Chuck Berry, Mmarekani mweusi pia, na "Johnny B. Goode" wa mwaka 1958. Huo kwetu tungeuita sifo, kwa maana unamsifu kijana wa mashambani asiyejua sana kusoma lakini gitaa analijua. Mwaka 1977 sifo hilo lilitiwa katika sahani ya dhahabu iliyopakiwa kwenye vyombo vya anga vya Voyager, navyo havijarudi wala havitarudi. Hata jirani zetu wa Zambia katika miaka ya 1970 walikuwa na roki yao. Mwimbaji wa kundi la WITCH, Emmanuel Chanda, alibandikwa jina la Jagari kutokana na Mick Jagger wa Uingereza.

Halafu kuna huyu mtu wa kwetu Pwani. Freddie Mercury wa kundi la Queen alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake likiwa Farrokh Bulsara, mwana wa Waparsi. Jamaa yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Wimbo wake "Bohemian Rhapsody" wa mwaka 1975 unachukua karibu dakika sita, na ukiutafuta kibwagizo hukipati! Nilipousikia mara ya kwanza niliona ni guni, mwimbaji amesahau sheria. Kumbe ametunga bahari yake mwenyewe. Sehemu ya kwanza ni toba ya kijana kwa mamake, nayo ni ya polepole kabisa. Kisha ghafla mnaingia katika ngonjera. Kundi moja la sauti linataka kijana aachiliwe, kundi jingine linakataa katakata, na wote wanajibizana kama wazee barazani. Katikati ya mabishano hayo kuna neno la Kiarabu ambalo mtoto wa Kiislamu wa Pwani hulitamka kabla ya kutia tonge kinywani. Magitaa yanafuata kwa ghadhabu, kisha wimbo unafifia taratibu mpaka unanyamaza. Sijui wimbo mwingine unaofaa zaidi kwa swali la muundo katika Karatasi ya Tatu, ingawa watahini hawataniuliza.

Kuhusu kelele zenyewe, hazipigwi ovyo. Sikiliza "Smells Like Teen Spirit" wa kundi la Nirvana, mwaka 1991. Beti ni za chini, karibu mnong'ono, na kwenye kibwagizo ndipo mlipuko unapotokea. Mtunzi Kurt Cobain alikiri kuwa mtindo huo aliuiga kwa kundi la Pixies. Basi.

Mtindo huo huo umetumika pazuri zaidi, kwa maoni yangu, katika "Zombie" wa kundi la The Cranberries kutoka Ireland. Tarehe 20 Machi 1993 mabomu yalitegwa katika mapipa ya takataka mjini Warrington, Uingereza, na watoto wawili wakafa. Mwimbaji Dolores O'Riordan alitunga wimbo kuwalilia, ukatolewa mwaka 1994. Kwa hivyo tunaweza kuuita mbolezi. Ila ni mbolezi yenye hasira. Zombie ni maiti atembeaye, ambaye ndugu zetu wa Tanzania wangemwita msukule, na neno hilo linarudiwa tena na tena katika kibwagizo. Takriri hii si ya kujaza mizani. Nionavyo mimi, anawaita hivyo watu wanaoua kwa mazoea ya chuki ya zamani, maana anautaja mwaka 1916, ambapo Waayalandi waliinuka dhidi ya Uingereza. Sauti yake inavunjika makusudi, kama ya mama kando ya kaburi. Mimi nilikuwa sijazaliwa mwanzoni mwa mwaka 2008 majirani wa Kenya walipogeukiana. Nyumbani kwetu habari hiyo husimuliwa kwa sauti ya chini, tena mlango ukiwa umefungwa. Labda ndiyo maana namwelewa huyu dada anayepiga ukelele.

Wa mwisho ni "Fast Car" wa Tracy Chapman, Mmarekani mweusi, mwaka 1988. Wajuao watasema huo si roki halisi; wacha waseme. Mwaka huo huo, tarehe 11 Juni, aliuimba Wembley mjini London katika tamasha la kumwadhimisha Mandela kwa kutimiza miaka 70, akiwa peke yake na gitaa lake mbele ya maelfu ya watu.

Msimulizi ni binti aliyeacha shule ili amtunze baba mlevi, kwa sababu mama alikwisha ondoka. Hapa mlezi wa chama nakuomba usome polepole. Katika shule ya kutwa kama yetu, wenzetu wa namna hii hawatoki kwa kishindo. Siku moja dawati liko tupu, juma lijalo mtu mwingine amelikalia. Binti anampata mpenzi mwenye gari, wanahama, anaajiriwa dukani. Miaka inapita na yule mpenzi anageuka kuwa baba yule yule, wa ulevi.

Ukiusikiliza, fuata mambo mawili. Ngoma hazisikiki kwa nguvu mpaka kibwagizo kiingie, pale binti anapokumbuka raha ya mwendo wa gari. Pili, fuata nafsi. Mwanzoni wanaopaswa kukata shauri la kuondoka ni "sisi". Katika ubeti wa mwisho shauri ni lile lile, gari ni lile lile, lakini anayeambiwa aondoke ni "wewe".