Baiskeli ya kwendea kazini isiumize mwili wala mfuko

Kisiwa cha Mombasa si kikubwa. Eneo lake ni kiasi cha kilomita 14 za mraba, na ardhi yake kwa sehemu kubwa ni tambarare. Mtu anayetoka Tudor kwenda kazini Kilindini, au anayetoka Majengo kwenda ofisini katika barabara ya Nkrumah, hana safari ya kumtisha. Hata hivyo, kila asubuhi wafanyakazi wengi hungoja matatu na tuktuk, wakaketi humo magari yakisongamana, kisha wakaketi tena ofisini au dukani hadi jioni. Kuketi huko kuna gharama yake kwa mwili.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo la damu lililopanda kupita kiasi. Dawa zipo, lakini mwili unaotembezwa kila siku hujikinga vizuri zaidi. Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Robo saa ya baiskeli kwenda kazini na robo saa ya kurudi, kwa siku 5 za kazi, ni dakika 150 kamili.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 260,000 nchini Uingereza kwa muda wa miaka 5 hivi. Waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa katika muda huo iliyo chini kwa asilimia 41, wakilinganishwa na waliokwenda kwa gari au njia nyingine za kuketi. Utafiti wa aina hii hauthibitishi peke yake kwamba baiskeli ndiyo iliyowakinga, kwa kuwa wenye afya njema ndio wepesi wa kuipanda. Lakini unaafikiana na yale ambayo madaktari wamekuwa wakisema siku zote kuhusu mazoezi na moyo.

Faida hiyo, mpenzi msomaji, humfikia tu yule anayepanda kila siku. Baiskeli inayouma magoti, isiyosimama mvua inaponyesha, au inayoharibika kila juma, huishia kuegemezwa ukutani ikila kutu. Katika makala haya tutaeleza jinsi ya kuchagua baiskeli ya bei nafuu ambayo utaipanda kweli.

ANZA NA NJIA YAKO

Kabla ya kuingia dukani, jiulize utapita wapi na utaiweka wapi. Anayekaa Mji wa Kale hupita vichochoro vyembamba vya Kibokoni na Ndia Kuu, penye pembe zisizoonyesha anayekuja, watoto wanaocheza na mikokoteni. Huyo hahitaji mbio. Anahitaji baiskeli anayoketi wima ili aone mbele, yenye kengele na breki za kuaminika. Tena nyumba nyingi za huko ni za ghorofa zenye ngazi nyembamba. Kama hakuna pahali salama pa kuifungia chini, uzito wa baiskeli ni jambo kubwa, kwa maana utaibeba kila jioni.

Anayevuka Likoni kwa feri ataisukuma katikati ya umati, na anayevuka daraja la Nyali atapambana na upepo na mpando mdogo. Wote wawili wanaweza kufika bila gia. Gia chache ni msaada kwa mwenye magoti dhaifu au mwenye mzigo, lakini gia 18 au 21 katika kisiwa tambarare ni kulipia usichokitumia.

AINA TATU ZINAZOPATIKANA

Ya kwanza ni baiskeli nyeusi ya kazi, ambayo Wakenya huiita Black Mamba. Umbo lake lilitokana na baiskeli za Kiingereza kama Raleigh, na baadaye viwanda kama Hero ya India na Phoenix ya China vikaendelea kuliunda. Ni imara, hubeba mzigo, humketisha mtu wima, na fundi yeyote wa kando ya barabara anaijua. Ubaya wake ni kwamba ni nzito, na fremu yake mara nyingi ni ndefu kwa mtu mfupi. Breki zake za fito za chuma pia hazishiki vizuri rimu ikilowa.

Ya pili ni baiskeli ya mjini ya mtumba kutoka nchi za nje. Nyingi zina madigadi, kifuniko cha mnyororo na keria. Zipo pia zile ambazo bomba la fremu limeshuka chini, kwa hivyo mtu hupanda bila kuinua mguu juu. Hiyo humfaa sana anayevaa buibui, kanzu au kikoi, mradi mnyororo uwe umefunikwa na gurudumu la nyuma liwe na kinga, nguo isije ikanaswa. Tahadhari ni moja: hakikisha tairi zake ni za kipimo kinachouzwa hapa.

Ya tatu ni baiskeli mpya ya mtindo wa milimani, yenye springi na gia nyingi. Hupendeza macho, na vijana huikimbilia. Lakini zile za bei ya chini kabisa zina springi zinazoongeza uzito tu, gia zinazopoteza shabaha upesi, na mara nyingi hazina madigadi wala keria. Kwa fedha hizo hizo, baiskeli ya mtumba iliyo sahili na nzima itakufaa zaidi.

IPIME KWA MWILI WAKO

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Baiskeli ni kama kiatu: bei haiwezi kuifanya ikutoshe.

Kwanza, simama ukiwa umeitia fremu katikati ya miguu, nyayo zote mbili chini. Kama fremu ina bomba la juu, lazima pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu kati yake na mwili. Ikikosekana, siku ya kushuka ghafla utaumia vibaya.

Pili, panda ukiwa umeshika ukuta. Weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke, bila kiuno kuinamia upande. Ukianza kwenda, utakanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo na goti litabaki limekunjwa kidogo. Huo ndio urefu sawa wa kiti. Watu wengi hushusha kiti ili nyayo zote ziguse chini wakisimama, lakini goti linalokunjwa kupita kiasi mara maelfu kwa siku halikosi kulalamika.

Mwili wenyewe utakuambia kasoro iko wapi. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi yatokana na kiti kilicho chini mno. Maumivu ya nyuma ya goti, au kiuno kinachoyumba, ni dalili ya kiti kilicho juu mno. Mikono ikifa ganzi, huenda usukani uko chini au mbali, nawe unaulalia. Ganzi ya sehemu za siri isipuuzwe: lainisha mwinamo wa kiti hadi kiwe sawa, inuka mara kwa mara, na ikiendelea badilisha kiti.

BREKI NI UHAI

Breki za mpira zinazobana rimu ya chuma hupoteza nguvu nyingi maji yakiingia, na mvua za masika za Aprili na Mei hazina simile. Rimu za alumini hushika vizuri zaidi. Breki ya kukanyaga nyuma, ambayo imo ndani ya gurudumu, haijali sana mvua. Baiskeli aina ya Buffalo, zinazounganishwa humu nchini Kenya, hutumia breki ya namna hiyo. Vyovyote iwavyo, usinunue baiskeli ambayo haina breki zinazofanya kazi.

Jihadhari hasa na matrela yaendayo bandarini kupitia Makupa na Shimanzi. Usijipenyeze kushoto mwa trela lililosimama au linalokata kona, kwani dereva hakuoni. Penye matatu zilizoegeshwa, kaa mbali kiasi cha urefu wa mlango unaofunguliwa.

Kofia ngumu nayo si pambo. Watafiti waliokusanya tafiti 40 mwaka 2016 walikuta kwamba miongoni mwa waendesha baiskeli waliopata ajali, kofia ilihusishwa na kupungua kwa majeraha mabaya ya kichwa kwa asilimia 69. Na kwa kuwa Mombasa giza huingia upesi baada ya saa 12 jioni mwaka mzima, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni za lazima kwa anayetoka kazini jioni.

HESABU YA FEDHA

Chukua nauli yako ya siku, uizidishe kwa siku za kazi. Kwa mfano tu, anayetumia shilingi 100 kwenda na kurudi, kwa siku 22 hutumia shilingi 2,200 kwa mwezi, yaani shilingi 13,200 kwa miezi 6. Kiasi chako cha miezi 6 kiwe ndio mpaka wa fedha zote utakazotumia, si wa bei ya baiskeli peke yake. Tenga kama robo yake kwa ajili ya kofia, taa, kufuli, pampu na fundi.

Kumbuka pia chumvi ya bahari. Upepo wa pwani hula chuma, hata baiskeli isipotumika. Ipanguse kwa kitambaa kikavu kila juma, tia mnyororo mafuta kidogo, na ilaze ndani. Kazi ya dakika 10 huokoa bei ya mnyororo mpya.

JUA, JASHO NA MARADHI

Joto la Januari hadi Machi ni kali. Ondoka mapema, nenda mwendo ambao bado unaweza kuzungumza bila kuhema, kunywa maji, na beba shati la kubadilisha. Mwezi wa Ramadhani mwenye kufunga apunguze mwendo, hasa alasiri, na akihisi kizunguzungu ashuke akae kivulini.

Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kabla ya kuanza. Anayetumia insulini aweke peremende au glukosi mfukoni, maana sukari yaweza kushuka njiani. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni amri ya kusimama na kwenda hospitalini, si ya kujikaza kisabuni.

KABLA YA KULIPA

Ukinunua baiskeli iliyotumika, nenda na fundi, au fanya haya mwenyewe:

1. Igeuze juu chini, uzungushe magurudumu. Likiyumba, rimu imepinda.
2. Tikisa kila gurudumu kwa upande. Likicheza, gololi zimelegea au zimekwisha.
3. Kagua maungio ya fremu, hasa karibu na zinapozungukia pedeli. Kutu ya juu hufutika, lakini rangi iliyofura au ufa ni sababu ya kuiacha.
4. Jaribu kupandisha na kushusha kiti. Kilichoshikwa na kutu hakitakaa kwa urefu wako.
5. Bana breki zote mbili kisha uisukume mbele. Isisogee.
6. Ipande kwa dakika 10, kisha jiulize kama goti, mgongo au kiganja kimekuuma.
7. Dai risiti yenye jina la muuzaji na nambari ya fremu, usije ukanunua mali ya wizi.

Ukishaipata, ijaribu njia yako Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tupu, ujue pembe na mashimo yake. Juma la kwanza panda siku 2, la pili siku 3, hadi mwili uzoee. Kinga ni bora kuliko tiba, na hii ni kinga ambayo pia itakufikisha kazini.