MAUA NI YA NANI?

Ukitaja neno "ua" darasani, mmoja atafikiria kitenzi cha kutoa uhai, mwingine atafikiria uwanja uliozungushiwa kitalu nyuma ya nyumba. Wachache ndio watakaofikiria maua. Katika makala haya nataka tuzungumzie maua, hasa namna ya kupamba nyumba kwa maua mabichi.

Sisi wa Naivasha hatuwezi kusema hatuyajui. Mawaridi hukatwa hapa asubuhi, hupelekwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na mengi huishia kwenye mnada mkubwa wa Aalsmeer, Uholanzi. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza maua mengi zaidi ulimwenguni. Lakini hebu ingia katika nyumba za wale wanaoyakata. Mezani utakuta maua ya plastiki yenye vumbi, au hukuti kitu. Mama yangu amefunga mafungu ya mawaridi kwa miaka mingi. Ukimwuliza kwa nini haweki hata moja mezani, anasema, "Hayo ni ya wazungu, mwanangu. Yetu sisi ni ya matanga." Kwa heshima zote, sikubaliani naye.

Kwanza, maua si desturi ya kigeni. Ndugu zetu wa pwani wana asumini, mkadi, kilua, mrehani na langilangi. Akina mama huvifunga pamoja na kutengeneza kikuba cha kuvaa, na katika harusi asumini hutandazwa kitandani kwa bibi arusi. Lugha yenye majina yote hayo haiwezi kuwa lugha ya watu wasiojali maua.

Pili, gharama si kubwa. Waridi lenye shina lililopinda, au lililochanua mapema, halifai kusafirishwa. Mengine huuzwa hapa kwa bei ndogo. Kasoro hiyo mgeni wako hataiona! Tena anayeishi mbali na mashamba anaweza kukata maua ya boma: bogonvilia, majani ya mkalitusi, hata alizeti.

Wengi hulalamika ati maua hunyauka siku ya pili. Hapa ndipo somo la Bayolojia linapotusaidia. Ua lililokatwa bado li hai na linakunywa maji kwa mirija iliyo ndani ya shina. Mirija ikizibwa na hewa au bakteria, ua hufa kwa kiu huku limesimama ndani ya maji. Kwa hivyo fanya hivi:

1. Kata ncha ya shina upya, kama sentimita mbili, kwa kisu kikali na kwa mshazari. Litie majini papo hapo.
2. Ondoa majani yote yatakayozama. Yakioza, bakteria huzaana.
3. Osha chombo kwa sabuni, na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili.
4. Usiliweke juani, karibu na moshi wa jiko, wala kando ya ndizi zilizoiva. Ndizi hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huzeesha maua upesi.

Ukifuata hayo, waridi zuri linaweza kukaa wiki nzima.

Kuhusu kupanga, huhitaji chombo cha bei. Chupa ya jamu au mkebe wa mafuta ya kupikia uliooshwa unatosha. Urefu wa maua uwe kama mara moja na nusu ya urefu wa chombo. Yaliyochanua sana yakae chini, machipukizi yapande juu. Tumia idadi kama tatu au tano, kwa maana mawili au manne husimama kama askari kwenye gwaride. Wajapani wana sanaa iitwayo ikebana, na humo matawi machache tu hutosha kupendeza.

Najua wengine watasema, "Tumbo kwanza, maua baadaye." Ni kweli. Lakini kumbukeni Machi 2020, masoko ya Ulaya yalipofungwa kwa sababu ya korona. Maua mengi ajabu yalitupwa, na mama alikaa nyumbani bila kazi, kama majirani zetu wengi. Sisemi kwamba sisi tungeyanunua yote. Nasema tu kwamba hakuna aliyewazia kuyanunua, kwa sababu tumejifunza kukuza uzuri na kuupeleka mbali, halafu tunarudi kukaa kwenye chumba kitupu.

Wahenga walisema chako ni chako, cha mwenzio si chako. Basi wenzangu, haya yametoka katika udongo wetu, kwa mikono ya wazazi wetu. Mtu akikuuliza maua ni ya nani, mwoneshe yaliyo mezani kwenu.