Kompyuta ya chumba cha jumuiya: tuongeze RAM au tusiongeze?

Somo la toleo hili limezaliwa na swali lililoulizwa kwenye kikao chetu: kompyuta ya mezani iliyo chumbani kwa jumuiya imechoka, je, tuiongezee RAM au tusiipotezee fedha? Nilikabidhiwa kuichunguza na kuleta jibu. Naeleza hapa nilivyofikia uamuzi, kwa sababu najua wengi wenu mna mashine ya namna hiyo nyumbani, iwe hapa Gisenyi au ng'ambo ya mpaka kule Goma, na swali hilo hilo litawafikia.

Jambo si dogo kama linavyosikika. Wenzetu sita wa mwaka wa mwisho hawana laptop. Tasnifu zao wanaziandika kwa zamu kwenye mashine hiyo moja, na tarehe ya kukabidhi haimngoji mtu. Mfuko ulikuwa na faranga 25,000, michango ya wanafunzi ambao wengine walijinyima ili watoe. Hiyo ni amana, haitumiki kwa kubahatisha. Na ilitosha kitu kimoja tu: ama RAM iliyotumika, ama SSD ndogo. Si vyote viwili.

Niondoe kwanza utata wa lugha. Waliosoma kwa Kifaransa huita tasnifu mémoire, na RAM nayo huiita mémoire. Kwa hiyo mtu akikuambia mémoire yake imekwama, muulize kwanza kama anahitaji fundi au msimamizi. Wengine huita boksi zima la kompyuta "CPU", ilhali CPU ni kile kichakataji kidogo kilichomo ndani. Katika somo hili kuna vitu vitatu vya kutofautisha: kichakataji kinachofanya hesabu, RAM inayoshika kazi iliyo mkononi, na diski inayohifadhi kila kitu hata umeme ukikatika.

Mfikirie mama anayeuza sambaza sokoni. Mbele yake ana sinia, na stoo yake iko kule chini ufukweni mwa Kivu. Mteja akitaka kilichomo kwenye sinia, anahudumiwa papo hapo. Akitaka kisichokuwamo, mama lazima ateremke hadi stoo na kurudi. Sinia ni RAM, stoo ni diski. Sinia likijaa, Windows haikatai kazi mpya. Inachukua baadhi ya vilivyomo na kuvirudisha stoo ili nafasi ipatikane, kisha inavifuata tena vikihitajika. Ndiyo maana mashine iliyojaa haifi. Inakokota miguu tu, na ile taa ndogo ya diski haitulii.

Kukokota huko kuna kipimo. RAM hujibu kwa takriban sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Diski ya kizamani, ile yenye sahani zinazozunguka, huhitaji karibu sehemu moja ya mia. Tofauti yake ni kama mara laki moja. Tuseme kuchukua kitu kwenye sinia ni sekunde moja, basi safari ya stoo kwa diski ya kuzunguka ni zaidi ya saa ishirini na saba. SSD huikata safari hiyo iwe kama dakika kumi na saba. Imepungua sana, lakini bado ni safari. Ukilishika hili, sehemu kubwa ya uamuzi umekwisha kuielewa: RAM inapunguza idadi ya safari, SSD inafupisha kila safari.

Sasa kipimo chenyewe, na hapa ndipo watu wengi wanaporuka. Wanamsikiliza muuzaji kabla ya kuisikiliza mashine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue ukurasa wa utendaji. Kama Windows yako ni ya Kifaransa, kama zilivyo nyingi upande huu wetu, utaona maneno Processeur, Mémoire na Disque. Usipime mashine ikiwa imekaa bure. Fungua kazi unayoifanya kila siku, yote kwa pamoja, kisha uangalie.

Mimi nilimwomba mmoja wa wale sita akae afanye kazi yake kama kawaida: tasnifu ya kurasa themanini zenye picha, SPSS yenye majibu ya dodoso lake, na Chrome yenye makala kumi na mbili za kusoma. Mashine ni Dell OptiPlex 3010, ya ukoo wa mwaka 2012, yenye kichakataji cha i3 na RAM ya GB 4 kwenye kipande kimoja. Kichakataji hakikupita asilimia 25. RAM ilifika asilimia 94. Diski ilipanda hadi 100 kila alipohama kutoka Word kwenda Chrome, na herufi alizochapa zilitokea baada ya pumzi mbili tatu. Alikuwa amezoea, alikuwa anachapa huku anatazama dirishani.

Kuna namba moja zaidi, nayo ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Katika ukurasa wa RAM, chini, Windows huandika jumla ya kumbukumbu ambayo programu zote zimekwisha kuahidiwa. Kwa Kiingereza mstari huo umeandikwa Committed. Yetu ilisomeka GB 6.3. Mashine yenye GB 4 ilikuwa imeahidi GB 6.3. Hapo sikuhitaji kuambiwa na mtu kama RAM haitoshi, na pia nilijua ni kiasi gani cha kuongeza: GB 8 zingeibeba kazi hiyo na nafasi ikabaki, GB 16 zingekuwa israfu. Bahati nzuri, mashine hii ina matundu mawili ya RAM, na kitabu chake kinataja GB 8 kuwa kikomo. Tundu moja lilikuwa tupu.

Lakini msikimbilie dukani bado. Wiki hiyo hiyo ndugu mmoja wa mwaka wa pili aliniletea yake akilalamika kwa maneno yale yale: nzito, inakwama, nimeambiwa niongeze RAM. Tulipima. Ilikuwa na GB 8, na kazi yake yote haikupita asilimia 55. Ilichokuwa nacho ni diski ya kuzunguka iliyochoka, inayokaa kwenye asilimia 100 hata anapofungua faili moja tu. Kumuuzia huyo RAM ni kumpa mama wa sambaza sinia la pili wakati la kwanza halijajaa. Yeye anahitaji SSD. Malalamiko ni mamoja, dawa ni mbili.

Na yupo wa tatu, ambaye hakuhitaji kununua chochote. Kompyuta yake ilikuwa na GB 8 zilizokwisha kulipiwa, ila Windows aliyowekewa ni ya biti 32, ambayo kwa kawaida haifikii zaidi ya GB 4, na mara nyingi inabaki na tatu na ushei za kutumia. Nusu ya mali yake ilikuwa imelala. Dawa ni kuhifadhi faili pembeni na kuweka Windows ya biti 64, kama kichakataji kinaikubali, na vichakataji vya kompyuta za mezani vya zaidi ya miaka kumi iliyopita karibu vyote vinaikubali.

Turudi kwa mashine ya jumuiya. Kwa haki, nayo ina diski ya kuzunguka, na kuiwasha huchukua dakika nne nzima. Wapo waliosema kwenye kikao kwamba SSD ndiyo ingetangulia. Hoja yao ina uzito, maana SSD ingefupisha kuwaka, kufungua programu na hata zile safari za stoo. Nilichowajibu ni hiki: kuwaka ni mara moja kwa siku, unabonyeza, unakwenda kutia udhu, unarudi imekwisha kuwa tayari. Kinachowaumiza wale sita ni saa nne za katikati, na huko ugonjwa ni sinia dogo. Nusu ya kikao haikuridhika na hoja ya udhu. Namba 6.3 ndiyo iliyowanyamazisha.

Kununua kuna mitego yake, hasa kwa vitu vilivyotumika. Chomoa kipande ulichonacho uende nacho. Mashine hii inatumia DDR3, yenye pini 240. Ya DDR4 ina pini 288 na mkato wake uko mahali pengine, haiingii hata ukilazimisha. Vipande vya laptop ni vifupi, usivichukue. Vipo pia vipande vilivyotolewa kwenye seva, virefu sawasawa na vyako, bei yake inavutia, lakini kompyuta ya kawaida haiwaki navyo. Na vipo vya DDR3 vinavyokubali mashine za AMD tu. Muulize muuzaji waziwazi, maana ukiweka kwenye ya Intel utasikia milio tu na skrini nyeusi. Karatasi ya chetu ilisomeka PC3-12800. Cha kasi ndogo zaidi kingefanya kazi, ila vyote viwili vingekwenda kwa mwendo wa yule mzito.

Hapa elimu yetu ya fiqhi inaingia dukani. Kabla ya kulipa, niliweka sharti la kurudisha, yaani khiyari ya sharti, ambayo wanavyuoni wa Kishafii wanaiwekea kikomo cha siku tatu. Siku tatu zinatosha kabisa. Usiku wa kwanza niliiacha mashine ikiendesha Memtest86+, programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi, inayoandika na kusoma kila chumba cha RAM. Kosa hata moja, kipande kinarudi kwa mwenyewe. Asubuhi makosa yalikuwa sifuri. Muuzaji alikubali sharti bila kinyongo, na mimi ningemhama ambaye angelikataa.

Kuweka ni kazi ya dakika kumi. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha boksi kabla ya kugusa chochote. Futa vumbi, la mji wetu, lenye majivu ya Nyiragongo, huingia kila mahali. Mdomo wa dhahabu wa kipande cha zamani usugue taratibu kwa kifutio cha penseli. Kisha sukuma hadi vishikio vya pembeni vilie.

Baada ya hapo tulirudia kipimo kile kile, kwa tasnifu ile ile. RAM ilikaa asilimia 71, diski ikawa inashtuka tu na kutulia, na herufi zikaja pamoja na vidole. Kuwaka bado ni dakika nne.

Limebaki swali ambalo RAM hailijibu. Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiorodheshi kichakataji cha ukoo huu, hata ungejaza RAM ya namna gani. Kwa hao sita nimeshauri tusibadilishe kitu hadi wakabidhi, kwa ajili ya SPSS, na flashi za watu zipimwe virusi kabla ya kufunguliwa. Baada yao napendekeza Linux Mint, ambayo kwa GB 8 inatembea bila taabu. Flashi yake iko kwenye droo ya meza. Inawaka bila kugusa diski, na anayetaka kuijaribu anikute chumbani Jumatano baada ya Alasiri.